Jakana wa ziwani: namna ya kupata kiota chake na kuchora mipaka yake bila kumfukuza (mwongozo kamili)

Wengi huku Lubumbashi wanaenda Kipopo, ama kwenye yale mabwawa ya samaki pembeni ya mji, wanaona ndege anayeitwa jakana, wanapiga foto halafu wanaandika "nimeona dume kubwa linalinda jike lake dogo linalolalia mayai". Hapo kila kitu kimegeuka. Yule mkubwa ndiye jike, yule mdogo aliyekaa kwenye mayai ndiye dume, na jike hakai na dume mmoja tu, mara nyingi ana madume wengine pale jirani.

Kuna wengine wanaingia kwenye majani na bote (viatu virefu vya matope), wanatafuta kiota kwa miguu, hawapati, wanasema hakuna. Na wengine kiota wanakipata vizuri kabisa, mvua kubwa inanyesha, wanarudi kesho yake hawakioni, wanasema mayai yameibwa na wavuvi, kumbe baba mwenyewe ameyahamisha.

Sasa tuende hatua kwa hatua. Ukifuata hivi msimu mmoja utajua nani anakaa wapi, nani analea, na mpaka wa kila mmoja unapita wapi, na ndege hatakuwa ameacha mayai yake kwa sababu yako.

Ndege mwenyewe, kwa kifupi: mwili wa kahawia iliyoiva, koo na shingo ya mbele nyeupe, chini ya shingo njano, kisogo cheusi, na kwenye paji kibamba cha bluu kinachoungana na mdomo. Vidole virefu mno. Anatembea juu ya majani ya yungiyungi na hazami. Kwa Kiswahili cha vitabu anaitwa sile-maua, mimi hapa nitasema jakana.

## Vitu vya kubeba

- Jumele (darubini). 8x42 inatosha. 10x50 inaona mbali zaidi ila mkono unachoka, na mkono ukitetemeka huwezi kuona kitu kidogo kama mguu wa kifaranga.
- Kaye (daftari) yenye jalada gumu na penseli. Si biki (kalamu ya wino). Karatasi ikilowa biki haiandiki, na msimu wa kazi hii ni msimu wa mvua.
- Ramani tupu, nakala kama kumi. Utazichora mwenyewe, naeleza kwenye hatua ya nne.
- Penseli za rangi mbili, nyekundu na bluu kwa mfano. Usiache nyumbani, bila hizo ramani yako itakuwa fujo.
- Saa, hata ya telefone, na bateri ijae.
- Kiti kifupi ama gunia la kukalia. Mtu aliyesimama ukingoni anaonekana toka mbali, aliyekaa wanamsahau.
- Nguo za rangi ya udongo ama majani makavu. Acha t-shirt nyeupe.
- Bote. Ni za matope na nyoka wa ukingoni, si za kuingia majini.
- Maji ya kunywa, chakula, koti la mvua, dawa ya mbu.

Droni acha. Ndege wa majini akiona kitu kinaning'inia juu anafikiri ni mwewe, anakimbia, na mayai yanabaki kwenye jua.

Kuhusu afya: usiingize miguu kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, kichocho kipo. Na ukienda mbali zaidi, kwa mfano Tshangalele, lile ziwa la bwawa la Mwadingusha kwenye Lufira, uliza wavuvi kwanza habari za mamba na kiboko kabla hujachagua pa kukaa.

## Wakati gani wa kuanza

Huku kwetu mvua inashika Novemba mpaka Aprili. Maji yanapanda, majani yanatanda, wadudu wanajaa, na jakana wanaanza kugombania nafasi. Kwenye maji yasiyokauka wanaweza kutaga mwezi wowote, kwa hiyo usishangae kuona vifaranga Julai kwenye baridi, ila kama unaanza kujifunza anza mvua zikishaingia vizuri, vitu vingi vinatokea kwa wakati mmoja na utajifunza haraka.

## Hatua ya 1: omba njia, chagua kona moja tu

Kila maji yana mwenyewe. Kama ni bwawa la samaki mtafute kapita (msimamizi) wa pale, kama ni ziwa anza na wavuvi waliopo. "Jambo papa, naomba nikae hapa nitazame ndege, sitaingia majini, sitagusa nyavu." Atakuuliza kama unataka kuwakamata, mwambie hapana, mwoneshe kaye. Mvuvi akishakuelewa ndiye mwalimu wako wa kwanza, atakwambia kona ipi wale ndege wanapiga kelele sana asubuhi, na kelele nyingi maana yake kuna mpaka karibu.

Halafu chagua kona moja unayoweza kuiona yote ukiwa umekaa bila kusogea. Mita mia kwa mia inatosha kabisa. Kosa la watu ni kuzunguka ziwa zima wakihesabu ndege, wanarudi na namba kubwa na hawajui hata ndege mmoja anaishi vipi.

Kona nzuri ina majani yanayoelea (yungiyungi ama magugu mengine), sehemu kidogo ya maji wazi, na matete pembeni. Majani ni pa kutafutia chakula na njia, matete ni pa kujificha vifaranga.

Umefaulu kama: umekaa nusu saa, umeona jakana wawili au zaidi, na hakuna sehemu ya kona iliyojificha nyuma ya miti.

## Hatua ya 2: kaa mpaka wakusahau

Fika saa kumi na mbili asubuhi, kaa mpaka saa nne. Jioni kuanzia saa tisa na nusu ni sawa pia. Mchana wa jua kali ndege wanatulia, na pia ndio wakati mbaya zaidi wa kumtoa dume kwenye mayai.

Jua liwe mgongoni mwako. Kaa mbali na majani, mita arobaini au hamsini, halafu usifanye kitu chochote dakika ishirini za kwanza. Usiandike hata mstari, kwa sababu unayoyaona muda huo ni ndege wanakuangalia wewe, si maisha yao.

Jakana aliyeshtuka ananyoosha shingo, anasimama, anatoa sauti kali ya kukwaruza, anaweza kunyanyua mabawa juu. Ukiona hivyo na haachi, rudi nyuma hatua kumi na tano, kaa tena. Usibishane naye.

Umefaulu kama: anatembea mbele yako akigeuza majani kwa mdomo, anaokota wadudu na konokono wadogo chini yake, na hakuangalii.

## Hatua ya 3: jua nani ni nani

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Jike na dume wa jakana wana rangi moja. Hutawatofautisha kwa manyoya, utawatofautisha kwa ukubwa. Jike anafika karibu sentimita 30, dume ni 23 mpaka 25 hivi. Kwa uzito tofauti ni kubwa zaidi, jike mara nyingi anapita gramu 200 na dume anakaa chini ya 150.

Ndege mmoja peke yake ni vigumu kumkadiria, macho yanadanganya, hasa kwenye maji ambako hakuna kitu cha kulinganisha. Subiri wawili wasimame karibu. Wakiwa pamoja tofauti inaonekana wazi, huhitaji hata jumele. Mpaka hapo andika "?" kwenye kaye, usibahatishe.

Kuna wawili wengine wa kukuchanganya.

Wa kwanza ni kijana. Jakana mchanga ana tumbo jeupe, ana mstari mweupe juu ya jicho na kibamba cha paji bado kidogo sana. Watu wanasema ni ndege mwingine kabisa. Hapana, ni mtoto wa hawa hawa.

Wa pili ni jakana mdogo, huyu kweli ni ndege mwingine. Sentimita 15 au 16 tu, hana kibamba cha bluu, utosi wake ni wa wekundu-wekundu. Anakaa kwenye maji ya aina ile ile, na kwake mambo ni tofauti, wanaishi jike mmoja na dume mmoja na wote wanalea. Ukimchanganya na kijana wa jakana mkubwa utaandika kwamba umeona jike akilea, na maandiko yako yote yatayumba.

Baada ya ukubwa, tafuta alama ya kila ndege. Kidole kilichokatika, kibamba chenye kovu, unyoya mmoja wa bawa uliovunjika. Mpe namba: J1 kwa jike, D1, D2, D3 kwa madume. Usiwakamate kuwavalisha pete, hiyo ni kazi ya watu wenye ruhusa na mafunzo, na miguu ya jakana ni myembamba.

Umefaulu kama: unaweza kusema bila wasiwasi "huyu ni jike, na yule wa kidole kilichokatika ni D2" siku mbili tofauti.

## Hatua ya 4: chora ramani

Chora kona yako kwa mkono, kubwa, karatasi nzima. Weka vitu visivyohama: gogo, mti, kona ya ukuta, nguzo ya nyavu. Usiweke kisiwa cha majani kama alama, upepo unakisogeza na kesho ramani inakuwa ya uongo.

Toa nakala. Kila siku tumia nakala mpya.

Kila baada ya dakika kumi, angalia kona yote kutoka kushoto kwenda kulia na weka nukta pale kila ndege alipo, na namba yake. Hata kama hajasogea weka nukta tena. Watu wanaona ni kazi ya kuchosha wanaruka, halafu mwisho wana nukta za vituko tu, na ndege anaonekana anaishi pale alipopiga kelele wakati muda mwingi alikuwa kwingine kabisa akila kimya.

Ugomvi unaandika saa ile ile unapotokea, usingoje dakika kumi.

## Hatua ya 5: soma ugomvi

Hii ndiyo sehemu yenye utamu, na ndipo penseli za rangi mbili zinapofanya kazi.

Ardhi ya jakana ina tabaka mbili. Jike ana eneo kubwa, analilinda dhidi ya majike wengine. Ndani ya lile eneo kila dume ana kiwanja chake, na analinda kiwanja chake dhidi ya madume wengine, hata wale wanaoshirikiana jike mmoja. Kwa hiyo ukiona D1 anamfukuza D2 usiseme "D2 ni mgeni". Anaweza kuwa jirani wa siku zote, wote wa J1.

Nyekundu tumia kwa ugomvi wa jike na jike. Bluu kwa dume na dume. Usichanganye.

Ugomvi unapanda taratibu. Kwanza sauti, ile ya kukwaruza mfululizo. Haikutosha, wanasogea mpaka karibu na mpaka, kila mmoja upande wake, wanatembea wakiangaliana, shingo imenyooka. Haikutosha tena, mmoja anaruka moja kwa moja kumwelekea mwenzake, miguu inaning'inia nyuma, na akitua ananyanyua mabawa juu kidogo kabla ya kuyakunja. Mara chache wanafika kupigana kweli, wanarukiana majini. Wakati mwingine madume wawili wanagombana na jike anaruka kutoka mbali, anatua katikati, na ugomvi unaisha pale pale.

Mahali pa kuweka alama ni pale mfukuzaji anaposimama na kugeuka nyuma. Si pale alipoanzia. Ndege anaweza kuanza kukimbiza toka popote, lakini anaposimama ni kwa sababu akienda mbele atakuwa kwa mwenzake, na ukitazama vizuri utaona sekunde chache baadaye yule aliyekuwa anakimbia naye anageuka, sasa ndiye anayesonga mbele. Weka msalaba pale. Siku ya kwanza misalaba itakuwa imetawanyika haina maana. Endelea. Siku baada ya siku itaanza kupangana mstari, na mstari huo ndio mpaka.

Jakana anamfukuza pia kukuziwa na ndege wengine wanaokaribia kiota ama watoto. Andika, ila kwa alama tofauti. Hiyo si mipaka ya jakana kwa jakana, ingawa inakusaidia sana kwenye hatua inayofuata, kwa sababu dume anayemkimbiza kila mtu kwenye sehemu moja ndogo ana kitu pale.

Onyo: usipige sauti ya jakana kutoka kwenye telefone ili uone wakigombana. Inafanya kazi, ndiyo maana ni mbaya. Dume anaacha mayai kuja kutafuta adui ambaye hayupo, na ramani yako inajaa ugomvi uliouanzisha wewe.

Umefaulu kama: misalaba ya bluu ya siku tofauti inaangukia mstari ule ule, na mstari mwekundu unazunguka viwanja vya madume wote wa jike mmoja.

## Hatua ya 6: pata kiota kwa kumfuata dume kwa macho

Achana na wazo la kiota chenye umbo la kikapu. Kiota cha jakana ni fungu la vikonyo na majani yaliyolowa, linaelea, liko chini sawa na maji. Mara nyingine ni jani tu lenye takataka kidogo juu yake. Ukiwa mita hamsini hukioni, hata ukiwa mita tano unaweza kukikanyaga. Mayai ni ya kahawia inayong'aa, yamejaa mistari myeusi iliyopindapinda kama mtoto amechorachora na biki, na juu ya majani yanayooza yanapotea kabisa.

Kwa hiyo usitafute kiota. Mtafute dume mwenye tabia ya kiota.

Kwanza kuna siku za kujenga. Dume anavuta vikonyo, anavirundika, anaacha, anaenda kufanya hivyo hivyo sehemu nyingine. Anaweza kuwa na mafungu kadhaa. Jike anakuja, wanapandana pale juu ya fungu, na baadaye anataga yai moja kwa siku mpaka kwa kawaida yanafika manne. Jike ukimwona pale ni kwa kazi hiyo. Akimaliza anaondoka, kulalia na kulea ni kazi ya dume peke yake.

Halafu unaanza kuona hivi: dume anakula kwa haraka, hatulii, halafu anarudi kwa kupindapinda, si moja kwa moja, anajifanya anaokota hiki na kile. Akifika sehemu fulani anasimama, anaangalia huku na huku, anainama. Hapo shika jumele vizuri. Anashusha kifua, mabega yanatikisika kushoto, kulia, anakuwa kama anajipanga, kisha anatulia na mabawa yameshuka kidogo kando kuliko kawaida. Kinachofanyika pale chini ni kwamba anayasukuma mayai kati ya mabawa na kifua, mawili upande huu mawili upande ule, maana fungu lenyewe limelowa na mayai yakikaa tu juu yake yanapoa. Mfupa wa bawa lake umebapa kwa ajili ya kazi hiyo. Ukiona lile tikisiko la mabega, una kiota, huhitaji kuona yai hata moja.

Hakai saa zote. Anatoka kula, anarudi, anatoka, na jua likiwa kali anaweza kusimama tu juu ya mayai akiyapa kivuli. Kwa hiyo usiseme ameacha kwa sababu umekuta kiota hakina mtu robo saa.

Pima mahali kwa alama zako: "kati ya gogo na nguzo ya pili, hatua kumi toka matete". Andika. Usiweke kijiti wala kitambaa. Kunguru anajifunza haraka, na mtoto wa kijiji akiona kitambaa ataenda kuangalia kuna nini.

Watu wataniuliza, si niende mara moja tu na pirogi (mtumbwi) nihesabu mayai? Jibu langu ni hapana. Wimbi la pirogi linatosha kuzamisha fungu. Majani uliyoyapasua yanabaki na njia iliyofunguka, na kenge anapita njia hiyo hiyo. Ukitaka namba, subiri vifaranga, utawahesabu.

Umefaulu kama: umemwona dume huyo huyo akishuka sehemu hiyo hiyo mara tatu, kila mara akakaa, na angalau mara moja umeona mabega yakitikisika.

## Hatua ya 7: hesabu siku

Kulalia kunachukua siku 22 mpaka 27 hivi. Kama uliona jike akitaga, hesabu toka yai la mwisho. Kama ulikuta dume tayari amekaa, andika tarehe hiyo na neno "angalau" mbele yake, halafu rudi kila siku mbili au tatu. Usikae kila siku saa zote, huna sababu.

Onyo la mvua. Maji yakipanda ama fungu likianza kuzama dume anajenga jingine karibu na anasogeza mayai. Kwa hiyo ukirudi baada ya mvua kubwa na pale ni patupu, usifute kiota kwenye kaye. Tafuta D wako. Kama anakula tu ametulia saa nzima, hana haraka, amepoteza. Kama bado anatoka na kurudi kwa kupindapinda, ana mayai, yamehamia sehemu nyingine, rudia hatua ya sita kwenye kiwanja chake kile kile.

Viota vingi vya jakana vinapotea, huo ndio ukweli. Dume akipoteza mayai, jike anaweza kumtagia mengine baada ya siku chache. Andika kama jaribio jipya, usiunganishe na la kwanza.

## Hatua ya 8: vifaranga

Wanatoka na miguu yao tayari, mirefu sana, na wanajitafutia chakula wenyewe toka mwanzo. Baba hawalishi. Kazi yake ni kuwaongoza, kuwapa joto na kuwatetea.

Kitu kimoja utakiona na hutaamini. Mvua ama hatari ikija, dume anachuchumaa, anatoa sauti ndogo, vifaranga wanaingia chini ya mabawa, anafunga mabawa, anasimama, anatembea. Unaona ndege mwenye miguu mingi, ile mirefu yake miwili chini na mingine myembamba inaning'inia ubavuni. Hesabu hiyo miguu kwa utulivu, gawa kwa mbili, andika.

Hatari ikiwa karibu sana na baba hana nafasi ya kuwabeba, vifaranga wanazama majini wanaacha ncha ya mdomo tu nje. Kwa macho yako wamekufa ama wameliwa. Ngoja. Usisogee, usiende "kuwaokoa", watabaki chini muda wote ambao wewe unakaribia.

Hesabu yao ni kila unapofika, ila chukua namba ya juu ya siku hiyo, si ya kwanza. Mmoja huwa nyuma ya jani.

Wanaanza kuruka baada ya wiki sita hivi, na wanaweza kukaa na baba mpaka miezi miwili.

Umefaulu kama: una namba ya vifaranga ya kila siku uliyofika, na unajua ni wa dume yupi.

## Hatua ya 9: unganisha

Weka ramani zako moja juu ya nyingine dirishani, mwanga upite. Zungushia nukta za kila dume, halafu nyekundu ya jike. Kwa kila jike hesabu madume waliomo ndani: mmoja, wawili, watatu, wanne, inategemea chakula na majani yaliyopo. Usilazimishe. Jike mwenye dume mmoja tu kwenye kona ndogo ni jibu halali.

## Inapokwama

"Ndege wangu haruki, anakimbia tu na kujificha, ni mgonjwa?" Pengine hapana. Jakana anabadilisha manyoya makubwa ya mabawa yote kwa pamoja, na muda huo hawezi kuruka. Mwache, usimkamate kumtibu, na usimsukume kwenye maji wazi.

"Sioni mpaka, wanachanganyika tu." Ama hujui bado nani jike nani dume, rudi hatua ya tatu, ama wale ni vijana na wageni wasio na viwanja, ambao wanakula pamoja pembeni bila ugomvi. Wape alama ya V na uwaache nje ya ramani.

"Wavuvi wanapita kila saa." Sawa, ni maji yao. Andika saa wanayopita na dume alifanya nini, halafu waombe kwa heshima wazunguke ile sehemu kwa wiki tatu nne. Wengi watakubali ukiwaonesha kwa jumele yule baba na miguu mingi. Wape waangalie wenyewe, watoto wao pia.

"Wameondoka wote." Kuanzia Mei maji yakipungua majani yanakauka, na jakana wanafuata maji, hawana uaminifu kwa ziwa. Siku ukiona kona iko tupu, chora ukingo wa maji ulipofika, weka tarehe, funga hizo ramani kwenye bahasha moja. Mvua zikirudi Novemba usitumie mistari ya zamani hata kama unamtambua ndege mmoja wawili, majani yatakuwa yameota sehemu nyingine na viwanja vitagawanywa upya, anza na karatasi tupu toka hatua ya kwanza.